Mchungaji Anavaa Namba 42

Jumatatu, 3 Juni

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa amesema ukurasa wa "Mfahamu Mchungaji Wako" ukitoka mtupu tena Jumapili, jarida la kanisa atapewa mwalimu wa kwaya. Miaka sita nalihariri mimi! Mwalimu wa kwaya alikuwepo, anatikisa kichwa kwa huruma. Mnafiki.

Jumatano, 5 Juni

Nimemhoji mchungaji. Wito aliupata wapi? Kwa kinyozi, akasema. Nusu ya kichwa imeshanyolewa, umeme ukakatika, akakaa saa mbili akiyawaza maisha yake. Aliinuka ameshaamua. Safi sana.

Nikauliza anapenda nini. Akagoma kabisa. Katika usharika wake wa kwanza aliropoka kwamba anapenda asali, akaletewa madumu kumi na tisa. Nyumba ikajaa sisimizi. Akayagawa yote kwa wafanyakazi wa kanisa, na tangu hapo hataji kitu.

Wafanyakazi wa kanisa! Hata mhariri ni mmoja wao. Nimerudi nyumbani nikiwaza.

Ijumaa, 7 Juni

Nusu ya ukurasa iko wazi na mchapaji anataka kazi saa kumi. Nimeandika kwamba mchungaji anapenda viatu vya ngozi vya kahawia, namba 42. Ndiyo namba yangu. Mke wangu amesoma, akanitazama miguuni, akasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu kuwa huu si uongo, ni kujaza nafasi.

Jumapili, 9 Juni

Jarida limegombaniwa mlangoni. Mwenyekiti amenipa mkono. Lakini mchungaji aliusoma ukurasa ule taratibu, akaukunja, akauweka ndani ya Biblia. Kwa nini aukunje?

Jumapili, 16 Juni

Jozi saba! Zimepangwa chini ya dirisha la ofisi, zinang'aa. Nimejipitisha pale mara nne. Mara ya nne mchungaji alikuwa mlangoni. Akasema kesho nifike, tuna mazungumzo.

Jumatatu, 17 Juni

Mchungaji alinyoosha mguu juu ya kiti, nikaisoma soli mwenyewe: namba 45. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza kwa upole tu, mimi navaa namba ngapi.

Nilijua nikisema 42 nimeumbuka. Nikasema 40.

Akasema pole, basi hazinifai. Akamwita mwalimu wa kwaya azichukue, awagawie waimbaji wa sauti ya besi. Wako saba, pamoja naye. Eti wote wanavaa 42. Akaongeza kuwa toleo lijalo litakuwa na ukurasa wa "Mfahamu Mhariri Wako", na maswali ataandika mwalimu wa kwaya.

Jumapili, 23 Juni

Besi wameingia kwa mstari, viatu vinalia kwa pamoja kama vimefanya mazoezi. Mwalimu wa kwaya amevaa jozi ya kahawia iliyokoza kuliko nyingine, ndiyo nzuri kuliko zote. Nimeimba nimefumba macho.

Jumatano, 26 Juni

Maswali yamefika. La kwanza: mhariri anapenda nini kuliko vyote? Nimejibu bila kusita: ukweli.

Nafasi ikabaki. Mchungaji atausoma ukurasa huu, na ile 40 hajaisahau. Nimeongeza: na viatu vya kahawia, namba 40. Ngozi si hutanuka?