Afunguaye Mfereji Ndiye Afungaye

Bwana Mwenyekiti wa mkutano, Bwana Makamu wa Mwenyekiti ambaye nimeambiwa hakuja, waheshimiwa wanakamati mliokaa kivulini, machifu na manaibu wenu mliosimama juani, Mwalimu Mkuu wa shule hii Bwana Mwambire, walimu wote, Mama Kadzo mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, wazee wetu shikamooni, wanafunzi hamjambo, na kama kuna yeyote niliyemsahau ajihesabu ametajwa: mimi, Joram Musyoka, Mratibu Mwandamizi wa Kanda wa Programu ya Kuelimisha Shule na Jamii Kuhusu Uhifadhi wa Maji, nimesimama mbele yenu hapa Vitengeni nikiwa na furaha ambayo hata mimi mwenyewe inanishangaza. (Makofi.)

Mmeshuhudia kwa macho yenu. Sasa hivi nimekata utepe, nimeshika koki ya mfereji huu kwa mkono wangu wa kulia, nikaizungusha, na maji yakatoka. (Makofi marefu.) Bado yanatoka. Hiyo mnayoisikia ndiyo sauti ya maendeleo, na ningependa iendelee kusikika nyuma ya hotuba yangu kama ngoma nyuma ya mwimbaji.

Ndugu wananchi, uhifadhi wa maji ni jambo linalohitaji koodinesheni ya hali ya juu katika implementesheni ya fezi zote. Nilihudhuria semina ya jambo hili katika hoteli moja kule Malindi, na muda wote wa semina tulikaa kando ya bwawa la kuogelea ili tusiisahau mada. (Kicheko.) Sijui mnacheka nini. Utafiti wetu umeonyesha kwamba asilimia sitini ya maji hupotea kwa sababu mwananchi hajaelimishwa, asilimia hamsini hupotea kwa sababu ya tabia, na asilimia inayobaki bado tunaitafuta.

(Mama Kadzo anasimama. "Samahani, mwanangu. Maji yanamwagika.")

Shikamoo, mama, nimekusikia. Maji haya hayamwagiki, yanazinduliwa. (Minong'ono. Mwalimu Mkuu anainuka kuelekea kwenye mfereji.) Bwana Mwambire, tafadhali, kaa. Itifaki iko wazi: kilichofunguliwa na mgeni rasmi hufungwa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi hufunga baada ya hotuba, na hotuba ndiyo kwanza iko ukurasa wa pili.

("Ukurasa wa pili kati ya ngapi, baba?" sauti kutoka nyuma.)

Kumi na minane, lakini nimeandika kwa herufi kubwa.

("Mwanangu," Mama Kadzo bado amesimama, "maji hayo tumeyateka sisi bwawani alfajiri, tukayapandisha kwenye hilo tangi kwa ndoo. Tulikubaliana na mwalimu kwamba wewe ufungue, uone, ufunge. Yanayobaki ni ya darasa la nane. Kesho wana mtihani, na asiye na maji shuleni huenda bwawani kwanza. Atarudi wenzake wako swali la mwisho." Umati: "Ndivyo.")

Nakushukuru, mama, maana jambo hilo liko ukurasa wa tano. Ni kweli kina mama mliombwa kuchangia maji ya uzinduzi, kwa kuwa bomba la kuyaleta bado liko katika fezi ya mawazo. Hiyo ndiyo inayoitwa patisipesheni ya jamii, na wataalamu wanaisifu sana. Kuhusu mtihani, mimi mwenyewe nilisoma katika shida, na mnaniona nilipofika. (Kicheko.)

Nimearifiwa kwamba katika shule hii kila mtoto huja asubuhi na kidebe chake cha maji, na kwamba maji hayo hunawiwa mikono, kisha yakaosha bakuli za uji, kisha yakamwagiwa miche ya mikorosho. Tabia hiyo ya kizamani inakwisha leo. Kuanzia sasa watoto hawa watafundishwa kisayansi jinsi ya kutunza maji, na kila shule kutoka hapa hadi Kuruwitu itapata mwalimu wa maji, kofia ya mwalimu wa maji, na chati kubwa ya rangi inayoonyesha jinsi tone linavyo...

(Msichana wa darasa la nane amepita mbele ya meza kuu, ameweka ndoo chini ya mfereji.)

Wewe binti, umeruhusiwa na nani?

("Na kiu, mwalimu." Kicheko kikubwa. Kina mama wanainuka na madebe, wengine na sufuria za uji.)

Iacheni ndoo, iacheni. Itifaki inakataza kufunga. Haisemi neno juu ya kukinga. Kwanza hii ni demonstresheni, nami ndiye niliyeipanga. Tazameni, waheshimiwa, chombo kimoja kikijaa tu, kingine kimekwisha kuingia chini ya mfereji, na hakuna tone linalofika ardhini. Naona hata kikombe cha mbio za kupokezana kimeletwa kutoka ofisini, nacho kimejaa. Jagi la meza kuu pia? Haya, chukueni. Haya yote, ndugu wananchi, ni matunda ya elimu niliyowapa kwa robo saa tu. (Vigelegele.)

Sasa naona sauti ya maendeleo imekoma. Tangi limekwisha. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, naufunga mfereji rasmi. (Anafunga. Makofi makubwa kuliko yote ya mwanzo.)

Tupate kauli mbiu. Nikisema tone, mseme tunza. Tone. ("Tunza.") Sijasikia upande wa machifu. Tone. ("Tunza.")

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Ramesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Malindi, aliyetuazima tangi, mfereji, na hata ukuta huu wa mbao uliobeba mfereji. Vijana, mvipakie kwenye lori taratibu, karatasi ya bei isibanduke, kwani kesho navizindua Ganda, na kina mama wa Ganda wamekwisha kuambiwa wawahi bwawani. Ninyi wa Vitengeni msihuzunike lori likiondoka. Katika ripoti yangu, niliyoiandika juma lililopita, mradi wenu umekamilika kwa asilimia mia moja. Nawashukuru kwa maji mliyoyaleta, ambayo leo nimewaletea.

Nimesema mengi na koo limekauka. Mama Kadzo, jagi letu liko wapi? Naona unalo. Basi naomba glasi moja tu ya maji.

(Mama Kadzo analifunika jagi kwa upindo wa leso yake. "Tone," anasema.)

(Umati: "Tunza.")