Mjomba Anakwenda Nevada

Jumatano, 2 Julai

Naenda Marekani! Hakuna aliyeniambia naenda, lakini naenda.

Mwanvita amepiga simu ya video jioni nikiwa nafunga kibanda changu cha miamvuli pale sokoni. Ni binti wa dada yangu Mwaisha. Muuguzi. Yuko Las Vegas, jimbo la Nevada, mwaka wa kumi na moja sasa hajakanyaga Morogoro. Anasema Agosti ana likizo, anataka kumwalika mzee mmoja akatembee. Atamwonyesha jangwa, miamba myekundu, na mahoteli ya kamari yanayowashwa taa mchana kweupe.

Mzee mmoja. Yaani mimi au mama yake. Tuamue wenyewe, kasema, yeye haingilii.

Kuna cha kuamua hapo? Mwanvita kasoma akikaa kwangu, darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Nani alimbeba mgongoni mito ilipojaa? Mimi, Salehe. Na sasa ana mtoto, Zuhura, miaka minne, namjua kwa kioo cha simu tu. Kioo chenyewe kina ufa, sijui hata kama mtoto ana vishimo mashavuni au ni ule ufa. Hilo ndilo linaloniuma. Miamba baadaye.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepanda milimani Kinole kwa bodaboda kuonana na dada. Mpango wangu: mila! Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Mwanvita hakuolewa mpaka mimi nilipotamka. Basi anayealikwa ni mjomba. Nani atabisha?

Nimemkuta anamenya ndizi. Shikamoo dada, marahaba, nikakaa, nikamwaga hoja zote. Hakunikatisha hata kidogo. Nikajua nimeshinda. Kisha akasema nimesema kweli tupu. Mjomba ndiye mwenye ukoo. Mjomba ndiye mwangalizi wa ardhi ya ukoo. Sasa mwangalizi ataachaje ardhi akazurure? Yeye ni mama tu, hana madaraka yoyote, kwa hiyo yeye akitoka hakuna kitakachoharibika.

Nimerudi mjini na mkungu wa ndizi mapajani. Alinipa kwa sauti ile ya kumpa mtu pole ya msiba.

Jumapili, 6 Julai

Nimekwenda kwa jirani yangu Bartholomeo, mwalimu mstaafu wa jiografia. Nimemuuliza kuhusu Nevada. Jangwa, kasema. Mvua ya kuhesabu. Joto kali, nyoka wa kutikisa mkia. Nikamuuliza je, huko kwenye kamari wanacheza lasti kadi? Akafikiri sana, akasema kama wana karata, watacheza nini kingine?

Nikafurahi. Hapa mtaani hakuna anayeniweza kwa lasti kadi. Tumecheza mpaka adhuhuri. Bila shaka Mwislamu hachezi kamari. Nitasimama pembeni nikitazama. Akitokea mtu anayeteseka na karata zake, nitamshauri.

Mke wangu amekuta karata chini ya mto. Nimemwambia ni maandalizi ya safari. Ameuliza maandalizi hayo hayana pasipoti? Wanawake wana haraka.

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimeitumia jiografia. Dada ameshuka mjini na ndizi zake, akapita kibandani. Sikumkataza kwenda. Nimemsikitikia tu. Nimemwambia kule mgomba hauoti. Jani la kijani huoneshwa kwenye picha. Hewa inapasua midomo. Nyoka huingia kitandani kutafuta kivuli. Usiku mtu hulala na ndoo ya maji miguuni.

Dada, aliyezaliwa kwenye ukungu na mvua, akaweka kapu chini. Aliuliza swali moja tu: mtoto anakula nini?

Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Ustadi mtupu!

Ijumaa, 11 Julai

Dada kimya. Nimeona nipige msumari wa mwisho: kuaga. Mtu akishaaga na akasomewa dua ya safari, nani atathubutu kumpeleka mwingine? Wiki nzima nimeaga. Soko zima, msikiti mzima, hadi shemeji kule Kingolwira. Leo baada ya swala ya Ijumaa Ustadhi Abasi amesoma dua nyumbani kwangu. Pilau, wageni, ubani. Nililia kidogo.

Dada naye alikuja. Dua ilipokwisha akamwomba Ustadhi aongeze kidogo kwa ajili ya wote wanaoteseka jangwani. Ustadhi akaongeza sana. Pilau ikapoa.

Tatizo dogo. Nilisahau kwamba ukiaga unatumwa. Sebule imejaa magimbi, mchele, iliki, mdalasini na kinu cha Mama Pazi anayekaa nyuma yetu, anayesema mtoto wa kike hawezi kuishi ugenini bila kinu. Mke wangu ameuliza kinu kitakaa kiti cha dirishani?

Jumamosi, 12 Julai

Mwanvita amepiga simu. Analia na kucheka kwa pamoja. Mama yake kampigia usiku, kamsimulia nyoka, midomo na ndoo, kalia mpaka salio likaisha. Mwanvita anasema ameshindwa kumtuliza. Basi basi, hakuna anayealikwa. Nauli ya mzee ataiongezea nyingine, anakuja yeye mwenyewe na Zuhura. Agosti nzima wako Morogoro!

Nimekaa chini kati ya magimbi. Nilifurahi mpaka nikasikia kizunguzungu. Mtoto anakuja! Halafu nikakasirika, kwa sababu siendi Nevada. Halafu nikakumbuka kwamba nimeaga mji mzima.

Jumatano, 23 Julai

Siku kumi na moja nimejifungia ndani. Nimetoka leo kwa sababu mke wangu kasema mume anayeaga na asiondoke hajawahi kumwona, na hapendi kuendelea kumwona.

Nilipita uchochoroni. Bahati yangu! Nimekutana na Mama Pazi uso kwa uso. Akapiga vigelegele: kumbe nimesharudi!

Ningeweza kusema ukweli. Mdomo ukafunguka, ukatoka uongo: ndiyo, nimerudi, safari ilikuwa fupi. Akauliza kinu kilifikaje. Nikasema salama. Kinu kiko sebuleni kwangu, nimekifunika kanga.

Mpaka alasiri kibanda kilikuwa kimejaa watu. Nimewasimulia miamba. Nimewasimulia taa. Nilipofika kwenye lasti kadi, Wamarekani walikuwa wananililia nibaki.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo wamefika. Dada alishapanga kuwapokea stesheni ya treni ya umeme hapa mjini, kanga mpya, na shada. Mimi nikaona nitangulie. Nitakwenda Ngerengere, kituo cha kabla yetu, nipande treni yao pale pale, nishuke Morogoro nimembeba Zuhura begani. Dada anione nikitelemka! Pia ningepata nafasi ya kumwomba Mwanvita, kwa upole, kwamba akisikia popote kuwa nilikuwa kwake mwezi uliopita, asishangae.

Nikafika Ngerengere mapema, nikasimama na mwamvuli wangu mzuri kuliko yote. Treni ikaja. Haikupunguza mwendo. Kumbe yao ni ile ya haraka, haisimami Ngerengere! Nilipunga mwamvuli. Ukapinduka. Vioo vikapita vyote, sikuona uso hata mmoja.

Jamani, nilisimama pale nikiwa mtu mzima, na macho yakaniwasha. Miaka kumi na moja inanipita mbele ya pua.

Nimerudi nyumbani jioni. Mvua ya rasharasha. Mwanvita akatoka nje mbio, akanikumbatia, shikamoo mjomba, shikamoo mjomba. Kanenepa. Zuhura alikuwa barazani, mapajani kwa dada, tena kwa starehe, anakula ndizi. Ana vishimo mashavuni. Si ufa.

Akaniangalia. Akauangalia mwamvuli, umepinduka, mbavu zote nje. Akacheka mpaka ndizi ikaanguka. Akashuka kwa bibi yake, akaja akasimama nami chini ya ule mwamvuli mbovu, tukalowa wote wawili. Alikataa kuondoka.

Nilimwangalia dada. Nilitaka kumkoga. Nikamkuta anafuta macho.

Jumapili, 3 Agosti

Asubuhi Mama Pazi kaja kumsalimia Mwanvita na kumuuliza kama kinu kinatwanga vizuri. Mwanvita akanitazama. Akasema kinatwanga vizuri sana, mjomba alikibeba kwa shida. Mtoto niliyemlea mimi!

Baadaye dada kanivuta pembeni. Kasema wala hakuamini nyoka wangu hata dakika moja. Kwani yeye hana simu? Kila siku anamwona mtoto midomo imenona. Alijua tu kwamba akienda yeye nitaumia, nikienda mimi ataumia yeye. Ndiyo maana akalia kwenye simu, ili mtoto aje tumwone wote.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima chini ya kivuli chembamba cha kibanda. Maskini dada. Kumbe alikuwa ananiogopa kiasi hicho! Aliona mjomba anashinda, akavuruga meza.

Jioni Mwanvita kasema mwakani Mungu akipenda atajaribu tena kumwalika mzee mmoja. Dada alikuwa anamsuka Zuhura.

Kinu bado kiko sebuleni, kimefunikwa. Magimbi yataoza lakini yatapatikana mengine. Kesho alfajiri, kabla dada hajaamka, naanza kuaga.