Kompyuta Yangu ya Maji

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimepata! Kikundi chetu cha wakulima hapa Adu kinachagua katibu Jumamosi. Nautamani ukatibu huo tangu nihamie kutoka Nyeri. Mramba ameushika miaka sita, na kura huhesabu yeye mwenyewe. Safari hii zitahesabiwa na kompyuta. Ya maji! Nimeona kwenye simu: maji yakipita mirijani, yanajumlisha. Fridah, mke wangu, ameuliza kama itajichotea yenyewe. Nimeenda kutafuta makopo.

Jumatano, 5 Februari
Imekamilika. Mpiga kura anamimina kikombe kimoja kwenye kopo la amtakaye. Vikitimia kumi, mrija wa mpira unavuta maji yote hadi chombo kikubwa. Hilo ni fungu moja la kumi. Nimejaribu saba na tano. Kumi na mbili! Nusura nilie. Suruali imelowa, si kitu.

Alhamisi, 6 Februari
Mramba amekubali, tena akitabasamu. Maskini. Chombo chake kikubwa ni ndoo ya plastiki, na itakaa juani, ipungue taratibu. Changu ni mtungi wa udongo, kivulini. Si wizi. Ni jua.

Jumamosi, 8 Februari
Wanachama hamsini na wawili, foleni ndefu, joto la kuchemsha yai. Mwenyekiti, Mzee Kiponda, akachovya kijiti chenye alama. Mramba: ishirini na moja. Mimi: moja, iliyosalia koponi. Mtungi mkavu!

Nikasema haiwezekani, waliobaki wako wapi? Mama Dorcas akanieleza kwa upole kwamba kura alinipa, kisha akashikwa na kiu. Huku mtungi ulio kivulini ni wa kila mwenye kiu, haombwi mtu ruhusa, na kikombe kilikuwa papo hapo. Wenzake wakaitikia. Fridah naye amekiri vikombe viwili.

Hamsini na mbili, toa ishirini na moja. Nilikuwa nimeshinda! Mzee Kiponda akashauri turudie kwa kunyoosha mikono. Nikakataa. Kompyuta haibishiwi. Mramba akatangazwa.

Jumapili, 9 Februari
Watu watano wamenisimamisha nje ya kanisa kunishukuru kwa maji baridi. Mramba ameomba niuweke mtungi kila mkutano. Nina furaha, nakiri.

Na kosa nimeligundua: maji yalinyweka. Uchaguzi ujao natumia ya bahari. Nimempigia Kahindi, rafiki yangu wa Ngomeni, aniletee madumu manne. Ameuliza ya nini. Nimemwambia ni siri. Mtungi utakaa pale pale kivulini.