Nembo ya Kwaya na Kava ya Klachi

Leo nimeaibika mbele ya ukumbi mzima, na aliyeniaibisha ni nati.

Ochieng wa Migori, Chacha wa Kehancha, Odhiambo wa Magunga: someni barua hii mkiwa mmekaa, kisha mpitishiane. Nyinyi ndio mlioniuliza namna ya kuzuia pikipiki kuukuu isivuje oili. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni yenu.

Dani mnamfahamu. Ndivyo ninavyoiita pikipiki yangu, maana dani kwa Kijaluo ni nyanya, na huyu kweli ni nyanya. Amekula vumbi la Rangwe kwa miaka mingi kuliko mimi nilivyoshika chaki. Anawaka kwa teke la pili. Anapanda mlima akiwa amebeba mwalimu na gunia la mahindi, na halalamiki. Mimi humheshimu. Kosa lake lilikuwa moja tu: popote alipoegeshwa, alitia sahihi. Alama nyeusi, mviringo, chini. Watu wote wa Rangwe walijua nimetembelea nyumba ipi. (Mke wangu hakuwahi kulalamika kuhusu hilo.)

Jumatano nikasema sasa basi.

Nawaeleza polepole ili na nyinyi mfaidike. Kwanza osheni injini kwa mafuta ya taa na brashi hadi chuma kionekane. Ikausheni. Halafu chukueni unga mkavu wa ngano, muupulize juu yake kama mnaipaka poda. Washeni injini, muiache iungurume kidogo, mtazame. Pale unga unapoanza kulowa, hapo ndipo penye shida. Msilaumu sehemu oili inapodondokea. Oili huteremka, upepo huisukuma nyuma, na mtu anaweza kuhangaika na upande usio na hatia mwezi mzima.

Kwa Dani unga ulilowa upande wa kulia, pale kava ya klachi inapokutana na injini. Vizuri! Nikafungua nati ya chini, nikamwaga oili yote kwenye karai. Nikatoa skurubu za kava, nikazichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule, maana nyingine ni ndefu na nyingine fupi, na ukizichanganya utalia. Gasketi ya zamani, ile karatasi inayoziba kati ya kava na injini, ilikuwa imekauka kama dagaa wa mwaka jana. Nikaikwangua kwa kipande cha mti. Msitumie bisibisi! Bisibisi huacha mkwaruzo, na mkwaruzo ni mfereji.

Nikawa sasa nahitaji karatasi ngumu ya kukatia gasketi mpya.

Akinyi, mke wangu, ni fundi cherehani, na meza yake ya kukatia iko sebuleni. Alikuwa sokoni. Juu ya meza, chini ya mkasi mkubwa, palikuwa na karatasi ya manila. Mpya, nene, imenyooka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. (Nilipaswa kuigeuza nione upande wa pili. Sikuigeuza.)

Nikaiweka juu ya kava, nikagongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, tiki-tiki-tiki, mpaka mstari ukajichora wenyewe. Hii ni kazi ya raha sana, mtaipenda. Nikatoboa matundu ya skurubu kwa kipande cha antena ya redio. Nikakata nje, nikakata ndani. Ikatoka umbo zuri: pana upande mmoja, jembamba upande mwingine, limezungukwa na matundu kama shanga. Nikairudisha mezani, nikaweka pasi baridi juu yake ijinyooshe, nikaenda uani kusugua kava.

Hapa lazima niwaambie kuhusu Mama Pilista. Ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama ya kanisa letu. Leo Jumamosi palikuwa na mashindano ya kwaya mjini Homa Bay. Mara mbili wamekuwa wa pili, na mara zote mbili majaji walisema sauti ni nzuri ila mavazi hayana ujumbe. Mzee wa kanisa akawaambia wazi: safari hii wakishindwa, nafasi wanapewa vijana. Mama Pilista ameilea kwaya hiyo tangu wanaimba wakiwa wanne chini ya paa lililovuja. Basi akampa Akinyi kazi ya kushona magauni ya buluu. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba kifuani palitakiwa nembo ya kitambaa cha manjano, tena ya siri, ili kwaya nyingine zisiige.

Akinyi akarudi kutoka sokoni. Mimi niko uani, nimelala chali, uso uko chini ya Dani. Nikamsikia dirishani.

"Baba Atieno! Hii karatasi ya mezani, niifuate vilevile ilivyo?"

Wenzangu, moyo wangu ulijaa. Miaka yote ya ndoa yetu mwanamke huyu hajawahi kuuliza swali hata moja kuhusu gasketi!

"Ifuate vilevile," nikasema. "Usipunguze hata unywele."

"Na haya matundu?"

"Matundu yote! Ukiacha hata moja, kazi yote imeharibika."

"Nitakata kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" (Nilitaka kulia.) "Mke wangu, Mungu akubariki. Kumi na mbili zitanitosha mpaka nistaafu."

"Utastaafu na nini?" akauliza. Lakini mimi nilikuwa nimerudi kusugua, nikipiga mluzi.

Kesho yake nikaikuta gasketi yangu pale pale chini ya pasi. Nikaipaka grisi nyembamba, nikaifunga. Nilikaza skurubu kidogo kidogo kwa kupishanisha, moja huku, inayofuata upande wa pili, ili kava ikae sawasawa. Zile kumi na mbili sikuzitafuta. Nilidhani ameniwekea mahali pazuri.

Leo asubuhi nikafanya mambo ya mwisho. Nikairudisha nati ya chini kwa vidole, nikasema spana itafuata. Nikamimina oili mpya. Akinyi akaita, "Chai!" Nikaenda kunywa chai. Baada ya chai pikapu ya kwaya ikapiga honi, Akinyi akapanda na furushi la magauni, na mimi nikamwasha Dani nikawafuata nyuma.

Safari yote niliinama kutazama ile kava. Kavu! Kavu kama kiganja. Mtu asiye na pikipiki kuukuu hawezi kuijua furaha hiyo.

Nilipofika nje ya ukumbi nilifanya maringo. Nilitandaza boksi jeupe chini ya injini, nikaegesha, nikasimama pembeni nikisubiri kuulizwa. Akaja Owuor, yule rafiki yangu anayeuza spea pale Homa Bay.

"Mwalimu, leo umemtandikia nyanya shuka?"

"Leo hachafui mtu. Njoo jioni uangalie."

"Omera, ndugu yangu, pikipiki ya umri huu isipovuja, ujue oili imeisha."

"Jioni, Owuor. Jioni utaniomba msamaha."

Tukaingia ndani. Kwaya yetu ikaitwa. Akina mama kumi na wawili wakapanda jukwaani wamejifunika leso toka shingoni, wanatembea taratibu kama watu wanaoficha mtoto aliyelala. Mama Pilista akainua mkono. Leso zikaanguka kwa pamoja. Ukumbi ukasema "Aaah!"

Mimi nikasema "Uwi!"

Kwenye vifua vya akina mama kumi na wawili, kwa manjano juu ya buluu, palikuwa na gasketi za klachi kumi na mbili. Na zilivyoshonwa! Ukingo umepigwa uzi mara mbili. Kila tundu la skurubu limedariziwa kwa uzi mweupe. Hata ile pembe ndogo iliyoteleza mkononi mwangu nikikata, ilikuwepo, mara kumi na mbili. Mke wangu hakupunguza hata unywele.

Owuor akanigusa kwa kiwiko. "Mwalimu. Ile si kava ya klachi ya Dani?"

"Nyamaza."

"Hata tundu la skurubu ndefu liko pale pale!"

Akinyi akajipenyeza mpaka nilipokaa. Macho yake, Mungu wangu.

"Baba Atieno, ile karatasi ilikuwa ya nani?"

"Ya... injini."

"Mama Pilista ameniuliza wakivaa: aliacha manila mezani kwangu, na mimi nikamjibu wewe ndiye uliyesema niifuate vilevile. Alichora taa kwa penseli nikate. Taa, kama ile ya Biblia. Iko wapi?"

Hapo nikaelewa upande wa pili wa ile karatasi ulikuwa na nini. Taa ya Mama Pilista ilikuwa ndani ya Dani, imekazwa kwa skurubu, inaoga oili.

Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu, akauliza kwa upole: "Nembo yenu ni nzuri na ya kipekee. Inamaanisha nini?"

Owuor peke yake akawa anakohoa. Kwaya nzima ilikuwa inaning'inia kwenye swali hilo. Mama Pilista akaitazama nembo iliyo kifuani kwake, akanitazama mimi, akatabasamu. Mwanamke yule hatetemeki!

"Aliyeichora yuko hapa ukumbini," akasema. "Mwalimu, simama uwaeleze."

Nikasimama. Na mnanijua, nikishaulizwa swali siwezi kujibu nusu.

"Hii," nikasema, "ni kipande chembamba sana kinachokaa katikati ya vyuma viwili. Vyuma hivyo ni vigumu, kila kimoja kina makosa yake madogo, na vikikutanishwa vyenyewe havipatani. Vinaachiana nafasi. Hiki kinaingia katikati, kinaziba nafasi hizo. Kinabanwa pande zote, kinachomwa na joto, na hakuna mtu anayekiona. Lakini kikiondoka, kila kitu kinamwagika."

Ningekaa chini hapo, leo ningekuwa shujaa.

Sikukaa. Nikaendelea na mafuta ya taa. Nikaeleza unga wa ngano. Nikawaonya kuhusu bisibisi. Nilipofika kwenye kupanga skurubu ndefu na fupi, jaji akavua miwani.

"Mwalimu, tumekuelewa. Asante. Na huko kwako hakimwagiki kitu?"

"Hata tone!" nikasema. "Pikipiki iko nje. Tokeni mkajionee!"

Mama Pilista akanikata kabla sijawapeleka nje wote. "Mmesikia," akawaambia majaji. "Wanaobanwa katikati wasionekane, ndio sisi akina mama. Sasa tuimbe."

Wakaimba. Jamani, wakaimba! Yule mama ambaye hadi leo asubuhi aliamini nembo yake ni taa, leo alisimama mbele ya watu amevaa klachi na kuongoza nyimbo kama vile ndivyo alivyopanga tangu ujana wake. Nywele za mkono zilinisimama. Matokeo yalipotangazwa, walikuwa wa kwanza. Kwa mavazi walipewa alama zote. Mzee wa kanisa alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka.

Mngedhani yangeishia hapo. Lakini jaji yule wa miwani alikuwa hajasahau.

"Twendeni basi tukaione hiyo pikipiki isiyomwaga hata tone."

Tukatoka. Majaji, gasketi kumi na mbili za manjano, wachungaji, wauza mandazi, na Owuor mbele kabisa, anakimbia.

Boksi jeupe halikuwa jeupe tena. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na ziwa lilikuwa limeshavuka ukingo likielekea kwenye viatu vya mzee wa kanisa. Dani alitia sahihi ya miaka yote kwa siku moja.

Nikapiga magoti, nikapitisha kidole kuzunguka kava ya klachi. Kavu! Naapa, kavu! "Gasketi haijavuja!" nikapiga kelele. "Guseni wenyewe!" Ndipo nikatazama chini. Nati ya kumwagia oili, ile niliyoiacha kwa vidole asubuhi nikaitikia chai, ilikuwa imelegezwa na barabara ya Rangwe hadi ikabaki inaning'inia kwa uzi wa mwisho. Mbele ya macho yangu ikaanguka, tii, katikati ya ziwa.

"Yawa!" akasema Owuor, akakaa chini kabisa kwa kicheko.

Jaji akavaa miwani yake. "Kwa hiyo nembo iko sawa," akasema. "Aliyelegea ni mwalimu."

Akinyi akaniangalia kwa huruma, mikono kiunoni. "Mimi nilifuata karatasi vilevile," akasema. "Nati hukuniambia."

Nimerudi nyumbani nyuma ya pikapu, nimebanwa katikati ya akina mama wanaoimba, na Dani amefungwa kamba pembeni yangu. Mama Pilista amenitangaza kuwa mlezi wa kwaya. Nembo haibadilishwi.

Chekeni basi, lakini kwa adabu. Na mkishakata gasketi zenu, kazeni nati ya chini kwa spana kwanza, ndipo mhubiri.