Hapo Hakuna Ndoa

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Nimenunua! Vipuri vyote vya kompyuta, mwenyewe, bila msaada wa mtu. Wiki mbili nzima humu ndani wimbo wa mke wangu ni mmoja: muulize kaka, kaka anajua, kaka ni fundi wa kompyuta. Na mimi je? Miaka kumi na moja msimamizi wa stoo katika kiwanda cha magodoro, na hakuna boksi lililowahi kunishinda.

Mke wangu ni muuguzi. Jumanne ya tarehe 17, saa nne asubuhi, ana mtihani wa kuingia kozi ya ukunga. Unafanywa mtandaoni, kwenye kompyuta tu, simu hawaikubali. Ameusubiri miaka mitatu. Nilimwahidi kwamba kompyuta ya kwanza ya familia hii itaunganishwa kwa mikono hii hii. Kaka yake akatuma orodha ya vipuri, karatasi nzima, kila kifaa na namba yake. Nani kamwomba? Nimeikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Hapo imefaa.

Dukani nilichagua kwa macho yangu. Kasha lenye kioo ubavuni na taa za rangi. Bodi mama, ile sahani ya kubebea vipuri vingine, kubwa kuliko zote, maana mama hawezi kuwa mdogo kuliko watoto wake. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nikachukua ya kampuni nyingine kwa sababu boksi lake lilipendeza zaidi. Muuzaji, mtu wa kukohoa kabla ya kila sentensi, akauliza kama nina hakika hivyo viwili vinaoana. Nikamwambia vitazoeana, hata watu huzoeana. Akakohoa. Akaandika kwenye risiti kuwa mwisho wa kurudisha ni siku saba, yaani Ijumaa. Kurudisha! Mimi! Hanijui huyu.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Baada ya chai mke wangu akapiga picha. Vipuri na risiti mezani, yeye na mimi nyuma yake, mkono wangu begani kwake. Akasema anamtumia kaka yake. Nikasema mtumie, wivu umtoe jasho.

Mchana alikuwa anaoga, simu yake ikalia. Sina tabia ya kusoma simu za watu. Nilitaka tu kuisogeza isianguke. Nanakili neno kwa neno: "Nimeiona picha. Hapo hakuna ndoa. Rudisha kila kitu kabla siku saba hazijaisha. Usimwambie mumeo ghafla, unazijua hasira zake. Mwandae taratibu."

Nimesoma mara nne. Kalamu imetoboa karatasi, ukurasa huu ni shahidi. Hakuna ndoa! Miaka tisa ya ndoa, watoto wawili, na mtu ameangalia picha moja akaivunja! Rudisha kila kitu! Kipi? Pete? Vyombo? Watoto? Huyu tangu mwanzo hakunitaka. Siku ya posa aliniuliza kama magodoro ni kazi au ni usingizi, na watu wakacheka.

Nimerudisha simu palepale. Nimekula ugali wote kwa hasira, na wa watoto.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Ameanza kuniandaa taratibu! Jioni aliniwekea chai, akakaa karibu, akasema kwa sauti ya wodini kwamba kuna jambo tuzungumze nisikasirike. Nikamkatiza hapohapo. Nikamwambia kama ni habari ya kurudisha, hakuna mtu atakayerudisha kitu humu ndani. Akashtuka, akauliza nani kaniambia. Nikamwambia kuta zina masikio. Akasema kwa upole kuwa si vibaya mtu kukubali kwamba alichagua vibaya.

Alichagua vibaya! Usoni kwangu! Nikamjibu kuwa nilichokichagua ndicho nitakachokaa nacho mpaka kaburini, kiwe kinafaa kisiwe kinafaa. Akasema kumbe nimekuwa sugu hivi.

Baadaye nilichukua sanduku lake la nguo za safari nikalifungia kabatini. Nikafungia na vipuri vyote. Hakuna kompyuta mpaka heshima irudi. Ufunguo niko nao, kwenye soksi.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Kazini nimepokea magodoro mia mbili nikayaandika mia mbili na moja. Meneja amenitolea macho. Yote ni makosa ya shemeji.

Sijalala vizuri siku nne. Naandika hapa tu kwa sababu hapana atakayesoma: nyumba hii bila yeye siijui. Sijui hata dawa ya mafua ya watoto inakaa wapi. Basi. Nimeshaandika, yatosha.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Alitoka zamu ya asubuhi, hata sare hajavua, akasimama mlangoni na kunyoosha mkono. Akasema, "Baba watoto, leo ndiyo siku ya saba. Nipe ufunguo nikarudishe mwenyewe."

Nikamwambia ziishe hizo siku saba, ziishe hata sabini! Akasema mtihani ni Jumanne, je, nimesahau? Nikasema mtihani ninao mimi. Akalia. Mimi nikatoka nje kuangalia mita ya maji. Ilikuwa sawa.

Nimepitisha uamuzi. Kesho kikao kwa mama mkwe. Shemeji awepo. Atasema mbele ya mama yake aliyoyasema kwenye simu. Dua la kuku halimpati mwewe!

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Nimevaa suti. Kwa mama mkwe tulikaa wote wanne, chai ikapoa bila kuguswa. Nikasimama. Nikasema mimi ni mtu wa heshima, na nikausoma ujumbe kutoka daftari hili, kwa sauti, mpaka mwisho. Nikaketi.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe na kuuliza ni ndoa ya nani hiyo isiyokuwepo. Shemeji akawa ananitazama kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Akasema, "Mama, ni ya bodi na prosesa."

Akaeleza. Prosesa niliyonunua ina miguu midogo chini yake, na bodi niliyonunua nayo ina miguu, badala ya matundu. Miguu kwa miguu. Haviingiliani, na mafundi wote husema hivyo, hapo hakuna ndoa. Aliviona kwenye picha, akataka virudishwe dukani ndani ya siku saba.

Mama mkwe alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Alikuwa akitulia, akinitazama, anaanza upya. Shemeji alijifanya anafuta miwani. Ndiyo maana simpendi! Mtu mzima anasema havifai, basi, kwani hivyo ni vifaa au bibi harusi? Kosa ni la lugha yake.

Mke wangu hakucheka. Alinitangulia mpaka mlangoni. Akasema, "Wiki nzima ulidhani nakuacha. Hukuniuliza hata mara moja." Akaingia ndani. Nikabaki mlangoni nikifungua tai, nayo ikagoma.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Dukani asubuhi. Muuzaji akasoma risiti, akakohoa, akasema siku saba ziliisha Ijumaa. Nikamweleza kuwa kulikuwa na dharura ya kifamilia. Akauliza ipi. Nikaondoka.

Mchana nikaamua kuwaonyesha. Miguu kwa miguu kitu gani? Kiwandani kontena likijaa, magodoro matatu ya mwisho huingia kwa goti. Nikaweka prosesa juu ya bodi, nikabonyeza kwa kidole gumba. Ikakataa. Nikaegemea. Ikalia kama mtu anayetafuna mchanga. Nilipoinua, miguu ya prosesa ilikuwa imelala upande mmoja yote, na ya bodi sitaki kuisimulia.

Mke wangu alisimama nyuma yangu. Hakufoka. Alichukua kitambulisho chake na kalamu mbili, akaenda kulala kwa kaka yake kwa ajili ya mtihani wa kesho. Sanduku hakuchukua. Nililitoa kabatini mwenyewe, akasema halihitaji, anarudi kesho. Nikakasirika kwa nini nimefurahi.

Jumanne, tarehe 17 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Saa nne mpaka saa sita nimesimama nje ya geti la shemeji, juani, kwa hasira tupu. Mtihani wa mke wangu, kwenye kompyuta ya mtu mwingine! Akatoka akitabasamu. Matokeo hutolewa hapohapo: amepita. Masomo yanaanza Jumamosi, kwenye kompyuta, kila siku. Nilimshika mkono. Hakuutoa. Shemeji akanipungia dirishani. Sikumwona.

Alhamisi, tarehe 19 Machi

Shemeji amekuja na bodi nyingine, yenye matundu. Amekaa sebuleni kwangu saa mbili nzima, akinyoosha miguu ya prosesa mmoja mmoja kwa sindano ya kushonea, ya mke wangu. Imewaka! Watoto wakapiga makofi. Wakampigia yeye!

Nikasema feni ya nyuma naifunga mimi. Ni haki yangu. Akasema kazi yake ni kutoa joto nje, kuna mshale ubavuni, nifuate mshale. Nikamwambia sifundishwi mshale. Nimeifunga. Inazunguka vizuri sana, taa zinang'aa. Kwa hiyo anayetaka kujua nani ameunda kompyuta hii, jibu analo.

Jumamosi, tarehe 21 Machi

Masomo ya mke wangu yameanza leo saa tatu. Saa tano nimepokea ujumbe wa shemeji, safari hii kwenye simu yangu mwenyewe: "Shemeji, nimeiona kwenye picha waliyonitumia watoto. Umegeuka. Badala ya kutoa joto, unalirudisha ndani. Jigeuze leo, la sivyo kitaungua kitu."

Eti mimi narudisha joto ndani ya nyumba! Eti nimegeuka! Sasa ameongeza kwamba kidole kimekosea herufi. Hakikukosea, kidole kilisema kilichojaa moyoni. Nimemjibu kwamba mimi sigeuki kwa mtu, na kwamba joto la nyumba hii halimhusu. Nimeandika kurasa tatu. Nikazituma zote.

Mke wangu anaita kutoka sebuleni. Anauliza mbona kunanuka plastiki. Nimemuuliza katumwa na nani.