Kuhusu Jiko la Baba Lililong'olewa kwenye Ukingo wa Boti

Ndugu Mkuu wa Gati,

Natumaini barua hii itakukuta mezani kwako, mahali pasipoyumba.

Mimi ni binti wa mwenye ile boti ya bluu isiyo na injini, iliyofungwa kwenye nguzo ya mwisho. Siku ya Jumanne, mkaguzi wako, ambaye gati zima linamwita Bwana Kipimo, aling'oa jiko letu akaondoka nalo. Naomba lirudishwe. Ili uelewe uzito wa jambo hili, sina budi kuanzia nyumbani.

Baba ni fundi cherehani mstaafu. Wiki tatu zilizopita alinunua boti bila kumshauri mama. Mama hakupiga kelele. Alifunika sufuria akasema, "Kama umeoa boti, basi boti ikupikie." Baba ana kiburi cha watu wapole: alichukua mto wake, akahamia botini. Tangu hapo anakula mkate mkavu, na mkanda wake umeishiwa matundu. Mimi nimesoma fizikia. Maneno ya mama sikuyaona kama tusi. Niliyaona kama swali la mtihani.

Nikanunua jiko la mkaa la kubebeka, lile la bati jepesi lenye miguu ya kukunja, rahisi kuliko yote dukani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkaguzi ameandika kwamba jiko lilikuwa "ndani ya chombo". Si kweli. Nililikata miguu, nikalibana kwenye ukingo wa kushoto kwa vibanio viwili vya seremala, upande wa nje. Chini yake kulikuwa na samaki, na hao hawajalalamika.

2. Ameandika kwamba halina kinga. Ndani nilimwaga mchanga wa vidole viwili ili bati lisitoboke, upande wa upepo nikasimamisha kipande cha debe, kisha nikalifunga mnyororo lisije likatumbukia. Ukweli ni kwamba jiko lilifungwa vizuri kuliko boti.

3. Kuhusu kiatu chake. Nakiri kwamba nilipima usawa wa jiko baba akiwa amekaa kushoto, mahali pake pa siku zote, maana boti huinamia alipo. Baba akitulia, jiko hunyooka kama meza. Mkaguzi aliingia bila kubisha hodi, akakanyaga kulia, naye si mtu mdogo. Paja la kuku na kaa moja la moto vikamfuata kiatuni. Akaniambia, "Dada, hiki ni kifo chenye mpini." Paja alilila hata hivyo. Kwa hiyo ushahidi mkuu wa kesi hii aliuondoa mwenyewe, kwa meno.

4. Kama moto ulio juu ya maji ni hatari, basi moto ulio mbali na maji ni hatari zaidi, na majiko yote ya mjini yahamishiwe gatini. Birika la ofisi yako, ambalo nimeliona likichemka juu ya mafaili, litangulie.

5. Kanuni inayomruhusu mtu mzima kulala botini lakini inamkataza kula kitu cha moto humo imetungwa na mtu aliyeshiba. Ikishindikana kulirudisha jiko, ofisi yako imletee baba chakula mara tatu kwa siku. Hapendi chumvi nyingi.

Ndugu Mkuu, mimi sipiganii bati. Watu wawili ninaowapenda hawasemezani, na kila jioni kila mmoja ananiuliza mwenzake amekula nini.

Msalimie mlinzi wa lango, wapaka rangi wote wa gati, na Bwana Kipimo pamoja na kiatu chake.

Wako anayesubiri kwa adabu,
Binti wa boti ya bluu

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, baba ameingia hapa nyumbani, mto kwapani. Amesema amekuja kuchukua miwani tu. Miwani ilikuwa usoni pake. Mama hakumwambia, alimsogezea kiti, akafunua sufuria. Sasa yuko kwenye sahani ya pili. Kwa hiyo tafadhali usilirudishe jiko. Mkaguzi alikuwa sahihi katika kila kipengele, na lile paja ni halali yake. Baba akija kulidai, mwambieni limezama. Mnyororo uliobaki botini nitakuja kuufungua mwenyewe.