Ko-ko-ko Kwenye Barabara ya Likasi

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Si nguo zenyewe (hizo bado ninazo, ingawa suti imebadilika rangi). Nimevuliwa heshima. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chooni nyumbani kwa shangazi wa bi harusi, kwa sababu huko nje kila anayeniona anashika mbavu.

Nianze mwanzo.

Mnajua nina gari. (Kama hujui, basi hatujakutana mwaka huu, maana nimemwambia kila mtu, hata mhubiri.) Ni gari dogo la rangi ya fedha kutoka Japani, usukani kulia, na sisi hapa Kongo tunatembea upande wa kulia wa barabara. Maana yake, nikitaka kulipita lori, anayekaa kushoto kwangu lazima achungulie kwanza, aniambie "pita" au "ngoja". Kazi hiyo ni ya mke wangu Bijou. Ndoa yetu imeimarika sana. Kioo cha pembeni cha kushoto kiligongwa na pikipiki wiki ya pili. Nimekifunga kwa utepe, kinanionyesha mawingu tu. Dirisha la nyuma, kushoto pia, halipandi mpaka juu. Mengine yote mazima kabisa.

Leo ilikuwa ndoa ya serikali ya Héritier, kitinda mimba wa mama mkwe wangu, pale ofisi ya komini (serikali ya mtaa), saa nne kamili. Mama mkwe, Mama Ntumba, alifika juzi kutoka Lubumbashi, akalala kwa dada yake kule barabara ya Likasi, mwendo wa nusu saa kabla ya kuingia Kolwezi. Héritier alishasema: bila mama yake hatii saini. Na afisa wa komini alishasema: asiyekuwepo saa nne anarudi wiki ijayo.

Kazi ya kwenda kumchukua mama niliiomba mwenyewe. Niliililia!

Miaka minane iliyopita, siku ya kumposa Bijou, huyu mama aliuliza mbele ya koo mbili: "Huyu mwalimu wa fizikia atamubeba mutoto yangu na nini? Na chaki?" Watu walicheka mpaka mjomba wangu akamwaga bia. Na mimi sikuweza kujibu. Familia yao ni ya Kasai, wanashika sana heshima ya ukwe: mkwe na mama mkwe hawatazamani machoni, hawali sahani moja, hawapigi soga. Kwa hiyo jibu langu lilichukua miaka minane kufika, likiwa na magurudumu manne.

Saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni kwa dada yake, peke yangu; Bijou angetungoja komini. Suti ya bluu. Viatu vinang'aa. Mama Ntumba akatoka na gauni jeupe la lesi na kitambaa cheupe mkononi. Nikamfungulia mlango wa nyuma, kushoto, kama dereva wa waziri. Akaketi. Nikaufunga mimi mwenyewe. Pu! Taratibu, kwa adabu.

Tukaingia kwenye lami. Nikakanyaga mafuta.

Ko-ko-ko-ko-ko.

Kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Nikapunguza mwendo, ikanyamaza. Nikaongeza, ko-ko-ko-ko.

"Tata Naomi," sauti ikasema nyuma, ikiwa imeelekezwa dirishani. (Tata ni baba, na Naomi ni binti yetu. Jina langu lenyewe mama mkwe hajalitamka hata mara moja.) "Tata Naomi, hii mukaba..."

"Mama, nyuma hakuna lazima ya kufunga mukaba," nikamwambia kwa upole wa mwenye gari anayejua sheria za mkanda. "Kaa tu muzuri."

Akakunja kitambaa chake magotini.

Nadharia ya kwanza: jiwe kwenye tairi. Nikasimama kando ya barabara. Kwa kuwa usukani uko kulia, mlango wangu unafungukia majanini, na upande wa kushoto ndiko yanakopita malori ya madini, moja baada ya jingine, shubiri moja tu kutoka kwenye bati. Nikakagua mbele, nyuma na kulia. (Kushoto sikwenda. Nani anataka kufa siku ya harusi?) Hakuna jiwe. Nadharia ya pili: bomba la moshi. Nikalala chini, kichwa uvunguni, suti yote juu ya vumbi jekundu. Bomba limekaza. Niliinuka nikiwa bluu mbele, mwekundu nyuma, kama bendera ya nchi isiyojulikana.

Tukaondoka. Ko-ko-ko-ko.

"Tata Naomi, hii kelele iko natokea huku, kwa mulango yangu."

Hapo mwalimu akaamka ndani yangu. Mungu anisamehe.

"Hapana, Mama. Njo vile sikio inadanganya mutu. Sauti inatembea mbio sana mu chuma kuliko mu hewa. Inatokea mbele, wee unaisikia nyuma."

Nikamfundisha sauti, mawimbi na mtetemo kwa kilomita nzima. Mimi! Nikimfundisha mama mkwe! Alipopata nafasi alijibu neno moja: "Mm." Mnaijua ile "Mm" ya akina mama, ambayo ni mashtaka, kesi na hukumu kwa pamoja. Mimi niliisikia kama "nimeelewa".

Kisha nikafanya jaribio. Kilomita makumi mbili, yaani ishirini, kwa saa: kimya. Arobaini: ko... ko... ko. Sitini: kokokoko. Kelele inafuata mwendo, basi ni kitu kinachozunguka. Kinachozunguka ni gurudumu. Nilijiona ubaoni, darasa zima linanipigia makofi. Nikampigia simu fundi wangu, Fiston, ambaye mtaa mzima unamwita Dokta.

"Prof, iko nalia wakati unakimbia?"

"Ee!"

"Na wakati unaenda pole pole, inanyamaza?"

"Ee, Dokta!"

"Basi ni roulement ya gurudumu. Mubaya ile, Prof. Gurudumu inaweza kutoka yote, ikupite mu barabara. Usipitishe makumi mbili. Na uwashe mataa ya hatari."

Beringi imekwisha, gurudumu linaweza kutoka! Na nimembeba mama mzima wa bwana harusi! Nikawasha zile taa za machungwa, zikaanza kupepesa mbele na nyuma, na tukaenda mwendo wa makumi mbili. Saa ilikuwa tatu na robo.

Vumbi likawa linaingia kwa ile nafasi ya dirisha. Nilipotazama kwenye kioo cha ndani, Mama Ntumba alikuwa amejifunika uso wote kwa kitambaa cheupe, amelaza kichwa nyuma, amekunja mikono kifuani. Nikajua anasali. Nikasema vizuri, tunahitaji.

Nyuma yangu malori yakakusanyika. Matano, saba, tisa. Hayawezi kunipita, kwa kuwa ng'ambo nako malori yanakuja. Ajabu ni kwamba hakuna aliyepiga honi! Nikasema: leo watu wana ustaarabu.

Tulipokaribia nyumba za kwanza za mji, mwendesha pikipiki mmoja, wewa kama tunavyowaita hapa, akaja ubavuni mwangu. Akaangalia taa. Akaangalia msururu wa malori. Akachungulia kiti cha nyuma. Akavua kofia.

"Tata, pole sana."

"Aksanti."

"Ilifika lini?"

"Leo asubuhi. Hata jana alikuwa muzima kabisa."

"Alikuwa muzee?"

"Muzee, ndiyo. Lakini alikuwa anatusaidia sana kwa nyumba."

Akatikisa kichwa, macho yamejaa machozi. "Courage, tata. Tutamusindikiza."

(Mimi nilikuwa nazungumzia gari. Kiswahili chetu cha Katanga hakitenganishi sana mtu na kitu. Ni leo tu nimeuona ubaya wake.)

Nikamshukuru. Nilidhani wanataka kunilinda, gurudumu lisije likatoka nikiwa peke yangu. Akapiga mluzi. Wakaja wawili, wakaja watano, wakaja kumi na zaidi. Wakavunja matawi ya miti, wakayafunga mbele ya pikipiki. Wakatangulia, wakizungusha pikipiki zao barabarani na kuimba. Wimbo sikuutambua vizuri, lakini ulikuwa wa huzuni. Nikajiambia: watu wa Kolwezi wana roho! Gari la mwalimu linaharibika, wanaimba!

Pembeni mwa barabara mama mmoja muuza mikate akainuka kwenye kibao chake, akafanya ishara ya msalaba. Wachimbaji watatu waliokuwa wanarudi kutoka mashimoni, wekundu kwa vumbi kama suti yangu, wakasimama wima, mmoja akavua taa yake ya kichwani. Nikawapungia mkono. Hawakunipungia.

Pale mzunguko, polisi wa barabarani akaniona. Jamani, tangu ninunue gari sijawahi kupita pale bila kuulizwa kizima-moto, na nikikionyesha, naulizwa kwa nini ni kidogo. Leo? Alisimamisha magari yote ya pande nyingine tatu, akapiga saluti!

Nikarekebisha tai.

"Tata Naomi," ikasema sauti chini ya kitambaa, "ni nani alikufa?"

"Hata mi siyui, Mama. Labda huko nyuma ya malori kuna batu ya kilio."

"Mm."

Tukaingia uwanja wa komini saa nne na dakika kumi. Wageni wote walikuwa nje wanatungoja: vitenge vya sare, kamera, spika inapiga muziki. Wakaona kwanza matawi. Wakasikia wimbo. Wakaona taa zinapepesa. Halafu wakaona gari langu. Halafu wakaona, kwa lile dirisha lisilofunga, Mama Ntumba amelala nyuma, uso umefunikwa kitambaa cheupe.

Muziki ukazimwa.

"MAMA YANGUUU!"

Huyo alikuwa Bijou. Alijitupa chini na kitenge chake kipya. Shangazi za bi harusi wakaweka mikono kichwani, wakaanza kulia kwa sauti tatu tofauti. Héritier akaja mbio na suti yake nyeupe, akaanguka juu ya kapo (boneti) ya gari langu, akaipiga kwa ngumi: "Mama, juu ya nini ufe leo? Juu ya nini leo?" Afisa wa komini akatoka ofisini na utepe wake wa bendera kifuani, akauona umati, akauvua utepe polepole.

Na mimi nikashuka. Nikitabasamu! Nikainua mikono yote miwili nikasema kwa sauti kubwa: "Musijali! Tumefika! Ilitusumbua kidogo njiani, lakini haikutoka!"

Bijou aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona katika miaka minane ya ndoa.

Ndipo Mama Ntumba akaketi wima, akavuta kitambaa usoni.

"Munalia nini? Ni nani huyo alikufa?"

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Yule wewa wa kwanza, aliyelia machozi njiani, aliacha pikipiki yake ikiwa inanguruma na kuruka ukuta wa komini. Ukuta wenyewe mrefu. Shangazi mmoja akaanza kunena kwa lugha. Mwingine akapiga magoti akashukuru kwa muujiza. Héritier alibaki juu ya kapo, mdomo wazi. Mimi nilisimama katikati, mikono bado juu, naanza kuhesabu moja moja: taa, mwendo wa makumi mbili, kitambaa, matawi, saluti. Eh Mungu wangu. Saluti!

Ili nifanye kitu chochote na mikono yangu, nikazunguka nikaenda kumfungulia mama mkwe mlango. Kwa mara ya kwanza leo nikafika upande wa kushoto.

Pale chini ya mlango, nje, ulikuwa unaning'inia mkanda wa kiti. Niliubana mimi mwenyewe kwa ile "pu" yangu ya adabu. Kile kichwa chake cha chuma kilikuwa kimeligonga bati njia nzima, kila upepo ulipokishika. Rangi ya fedha imebanduka mahali pa ukubwa wa kiganja. Nilipofungua mlango, kikabembea, kikagonga mara moja.

Ko.

Watu wote wakageuka kuangalia.

Mama Ntumba akashuka, akaokota ule mkanda kwa vidole viwili, akaushika mbele yangu kama mwalimu anayeonyesha karatasi ya mwanafunzi aliyepata sufuri. Halafu akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu nimwoe binti yake. Alinitazama moja kwa moja machoni.

"Tata Naomi. Ni hii njo nilikuwa nakuambia."

Na akacheka. Kwanza kidogo, halafu kwa mwili wote, mpaka Bijou akaja kumshika asianguke (na machozi ya Bijou sikujua tena ni ya nini). Kisha komini nzima ikacheka. Afisa alivaa tena utepe wake, akasema hajawahi kufungisha ndoa ya mtu ambaye mama yake amefufuka dakika hiyo hiyo, na hawezi kuahirisha kitu kama hicho. Héritier akatia saini. Mama Ntumba akatia ya kwake. Wale wewa waliokuja kuzika wakabaki kucheza, na matawi yao wakayageuza mapambo; kumbe yanafaa kwa yote mawili.

Katikati ya hotuba simu yangu ikalia. Dokta Fiston. "Prof, roulement nimeipata, muzuri kabisa. Nikuletee?" Nikakata.

Sasa wananigongea mlango wa choo, naona wanataka nicheze na mama mkwe mbele ya watu. Nawaomba jambo moja tu, ndugu zangu. Kuna video inazunguka Kolwezi nzima, imeanzia pale mzunguko. Ukiipata, usinitumie. Ninayo tayari. Amenitumia Mama Ntumba, na ndio ujumbe wake wa kwanza kwangu katika miaka minane.